Kitabu Kilichofika na Mtoto Aliyeachwa: Lugha, Elimu na Sauti ya Mwananchi Busia na Malaba

Utangulizi

Msafiri anayefika Malaba kutoka Nairobi hulakiwa na msururu wa matrela yaliyosheheni bidhaa kutoka bandari ya Mombasa, yakingoja zamu ya kuvuka kuelekea Kampala, Kigali na kwingineko. Kusini ya hapo, mjini Busia, msongamano ni wa aina nyingine: wachuuzi wa mahindi, maharagwe, samaki, ndizi na nguo hupishana na waendeshaji wa bodaboda tangu alfajiri hadi magharibi. Katika miji hii miwili watu hununua, huuza, huteta na kupatana kwa Kiswahili. Mchuuzi Mteso humwelewa dereva Mmijikenda. Msamia wa ng'ambo ya Uganda hubishana bei na Mkikuyu mwenye duka. Hata hivyo, hatua chache tu kutoka sokoni ipo shule ambamo mtoto wa mchuuzi yuyo huyo, aliyekuwa mwepesi wa ulimi alipokuwa akimsaidia mamaye kurudisha chenji, hunyamaza kimya kitabu cha sayansi kinapofunguliwa.

Kimya hicho ndicho kiini cha makala haya. Makala yanalenga kueleza jinsi suala la lugha linavyoathiri mafanikio ya elimu katika eneo hili la mpakani, na jinsi suala lilo hilo linavyoathiri nafasi ya mwananchi katika kujadili mambo ya umma. Hoja inayotetewa ni kwamba huduma yoyote, iwe kitabu au bajeti, inayomfikia mwananchi kwa lugha asiyoielewa huwa imetolewa nusu. Ushahidi wa hoja hii hauhitaji kutafutwa mbali, kwani Busia yenyewe ni mojawapo ya maeneo ambayo shule zake zimechunguzwa mno na wataalamu wa uchumi wa elimu ulimwenguni.

Mpaka na lugha zake

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliuhamisha uliokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Mpaka uliotokana na mabadiliko ya enzi hizo uliwagawa Wasamia na Wateso, wengine wakabaki upande mmoja na jamaa zao upande wa pili. Hadi leo, harusi na matanga ya familia moja huweza kuwakutanisha raia wa nchi mbili.

Kwa mtazamo wa isimu, Kaunti ya Busia ni eneo lenye utajiri mkubwa. Kisamia, Kikhayo, Kimarachi na Kinyala ni lugha za Kibantu zinazohesabiwa miongoni mwa lahaja za Kiluhya. Kiteso, kinachozungumzwa zaidi upande wa kaskazini, ikiwemo Malaba, si lugha ya Kibantu kamwe; kina undugu na Kiturkana na Kikaramojong. Mtoto wa Malaba na mtoto wa Funyula, wote wa kaunti moja, hawawezi kuelewana kwa lugha za nyumbani kwao. Kinachowaunganisha ni Kiswahili.

Mpaka huu umekilipa Kiswahili fadhila hiyo. Katika miaka ya sitini na sabini ya karne iliyopita, wenye baiskeli waliwabeba abiria na mizigo katika eneo lililotenganisha vituo vya forodha vya nchi hizi mbili. Kutokana na wito wao wa kuwavuta wateja, yaani kutoka boda hadi boda, likazaliwa neno bodaboda. Neno hilo lilianza likiwa la kigeni, likanyooshwa na vinywa vya watu wa mpakani, likaingia katika ngeli za Kiswahili, na sasa linatumika Afrika Mashariki nzima. Leo husemwa "bodaboda imeharibika" kwa maana ya chombo, na "bodaboda amefika" kwa maana ya mwendeshaji. Watu walioweza kuunda msamiati wa eneo zima bila kamusi wala kamati hawawezi kusemwa kwamba ni maskini wa lugha. Swali ni kwa nini utajiri huo huachwa langoni mwa shule.

Funzo la vitabu

Katikati ya miaka ya tisini, shule nyingi za msingi magharibi mwa Kenya zilikuwa na uhaba mkubwa wa vitabu vya kiada. Ilikuwa kawaida kitabu kimoja kugombewa na wanafunzi wengi, au mwalimu peke yake kuwa nacho. Kila mtu aliamini kwamba vitabu vikipatikana, alama zitapanda. Shirika la Kiholanzi la ICS liliamua kugawa vitabu katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo, na mwanauchumi Mmarekani Michael Kremer pamoja na wenzake wakaupima mpango huo. Kremer hakuwa mgeni katika eneo hili, kwani alikuwa amefundisha shuleni magharibi mwa Kenya alipokuwa kijana katika miaka ya themanini.

Mbinu iliyotumiwa ni sawa na ile ya kupima dawa mpya hospitalini. Shule 100 ziliteuliwa, na 25 kati yake, zilizotengwa kwa utaratibu usiopendelea yeyote, zikapewa vitabu mwaka 1996. Zilizobaki zilingoja zamu zao, na wakati huo zikawa kipimo cha kulinganishia. Endapo shule zilizopata vitabu zingeshinda nyingine, ushindi huo ungetokana na vitabu wala si na bahati.

Matokeo yalishangaza. Wastani wa alama za wanafunzi haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wakifanya vizuri katika mtihani wa awali. Wenzao wa kati na wa chini walibaki pale pale. Watafiti walipochunguza sababu, waligundua jambo ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angeweza kulikisia. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wa watoto hao ilikuwa ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Katika madarasa ya chini, mwanafunzi wa kawaida alitatizika hata kuvisoma. Kitabu kilifika mikononi, lakini hakikufika akilini.

Ni muhimu kuelewa maana ya matokeo haya. Hayasemi kwamba vitabu havina faida, wala kwamba watoto wa Busia hawana akili. Yanasema kwamba mtaala na vitabu vyake vilikuwa vimeandaliwa kwa ajili ya mtoto mwingine, labda wa mjini mwenye wazazi wasomi, anayesikia Kiingereza nyumbani. Mtoto wa Nambale au Amagoro alikalishwa katika karamu ambayo chakula chake hakikupikwa kwa kumkumbuka yeye.

Tiba, ada na kilichosalia

Baada ya vitabu ilikuja tiba. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za tarafa za kusini ya Busia, zilizo karibu na Ziwa Victoria, zilihusishwa katika mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo na kichocho. Shule hizo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 30,000. Uchunguzi wa Kremer na mwenzake Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, na kwamba hata watoto ambao hawakupewa dawa walifaidika kwa kuwa maambukizi yalipungua. Baadhi ya hesabu za utafiti huo zilizua mjadala mkali zilipokaguliwa upya mwaka 2015. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo watafiti wenyewe walilikiri tangu mwanzo: alama za mtihani hazikupanda. Mtoto alipona, akaja shuleni mara nyingi zaidi, lakini kilichomngoja darasani kilikuwa kile kile.

Kisha yakaja mabadiliko makubwa zaidi. Uganda ilianzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na Kenya ikafuta karo ya shule za msingi za umma mnamo Januari 2003. Nchini Kenya, idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa zaidi ya milioni moja kwa muda mfupi. Miaka kadhaa baadaye, kuanzia mwaka 2018, serikali ya Kenya ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake.

Ukiyatazama mambo haya kwa pamoja, utaona kwamba vikwazo viliondolewa kimoja baada ya kingine: ukosefu wa vitabu, maradhi, karo. Kila kimoja kilistahili kuondolewa. Lakini funzo la mwaka 1996 bado linasimama: kumfikisha mtoto darasani na kumpa kitabu ni mwanzo wa elimu, si elimu yenyewe.

Mfano kutoka India

Kremer alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, aliipokea pamoja na Mfaransa Esther Duflo na Abhijit Banerjee, mzaliwa wa Mumbai. Kazi ya wawili hawa nchini India inatoa mwanga juu ya kile ambacho Busia ilikosa. Katika miji ya Mumbai na Vadodara, shirika la Pratham liliwaajiri wanawake vijana wa mitaa ya karibu na shule, ambao waliitwa "balsakhi", yaani rafiki wa mtoto. Kazi yao ilikuwa kuwachukua watoto waliobaki nyuma, kwa saa mbili hivi kila siku, na kuwafundisha kusoma na kuhesabu kuanzia pale walipokwama. Mpango huo ulichunguzwa kati ya mwaka 2001 na 2003, na alama za watoto hao zilipanda kwa kiasi cha kuridhisha.

Balsakhi hakuwa na vitabu bora kuliko vya mwalimu, wala shahada. Alichokuwa nacho ni ruhusa ya kuanzia pale mtoto alipo, na lugha ya mtaa ambamo mtoto huyo alizaliwa. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya mpango huo na vitabu vya Busia, ambavyo vilimdai mtoto awe mahali ambapo hajafika.

Kutoka kwa Pratham lilitokea pia zoezi la kuwapima watoto nyumbani, lililoanza India mwaka 2005. Afrika Mashariki iliiga mfano huo mwaka 2009 na kuupa jina la Kiswahili: Uwezo. Wahojaji wa Uwezo walizuru nyumba kwa nyumba nchini Kenya, Uganda na Tanzania wakiwaomba watoto wasome kifungu cha kiwango cha darasa la pili. Ripoti za miaka ya mwanzo nchini Kenya zilionyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliiweza kazi ya darasa la pili. Jambo la thamani katika zoezi hilo ni kwamba mzazi alishuhudia kwa macho yake. Mzazi asiyeweza kuichambua ripoti ya wizara aliweza kumsikia mwanawe akikwama katika sentensi ya pili.

Lipo funzo jingine la India. Huko, lugha ya elimu ni jambo ambalo wananchi hulijadili hadharani, wakati mwingine kwa hasira. Mwaka 1965 jimbo la Madras, ambalo sasa ni Tamil Nadu, lilikumbwa na maandamano makubwa ya kupinga Kihindi kulazimishwa. Sera ya mwaka 1968 ilipendekeza lugha tatu shuleni. Tamil Nadu ikaikataa na kushikilia lugha mbili. Sera ya mwaka 2020 inapendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani angalau hadi gredi ya tano inapowezekana, na mabishano yangali yanaendelea. Ghasia za lugha si jambo la kutamaniwa. Hata hivyo, mwananchi wa Busia, ambaye huuliza kuhusu karo, sare na matokeo ya mtihani wa kitaifa, ni nadra kuuliza mtoto wake hufundishwa kwa lugha gani na kwa nini.

Sera karatasini na hali darasani

Si kwamba Kenya haina sera. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Aidha inaitaka serikali ilinde na kukuza lugha nyingine za wananchi. Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2015, ulileta vitabu vya kusomea vya Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unasisitiza tena lugha ya kwanza ya mtoto.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 baraza lake la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kabla ya hapo, mnamo Februari 2021, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi.

Tatizo ni kwamba sera hizi hukumbana na hali halisi iliyo tata. Mjini Busia, darasa moja huwa na watoto Wasamia, Wateso, Wajaluo na Wakikuyu; hapo lugha ya eneo ni Kiswahili. Katika kijiji cha Teso Kaskazini, lugha ya eneo ni Kiteso, na mwalimu aliyetumwa kutoka kwingineko huenda asijue hata salamu yake. Zaidi ya hayo, wazazi wengi huona Kiingereza kuwa ngazi ya kupandia, na shule za kibinafsi hujitangaza kwa kufundisha Kiingereza tangu chekechea. Hofu ya wazazi hao haifai kubezwa. Vyuo na ajira zingali zinadai Kiingereza, na mzazi hatakubali mwanawe atumiwe kwa majaribio ya kizalendo.

Hali kadhalika, wapenzi wa Kiswahili wanapaswa kujihadhari. Kwa mtoto wa kijiji cha Wateso, Kiswahili nacho ni lugha ya kujifunza. Kumwondolea Kiingereza na kumtwika Kiswahili kwa namna ile ile ya amri na viboko kutazalisha kimya kile kile. Kiswahili kitamfaa mtoto huyo kikiwa daraja: aanze kwa Kiteso, avukie kwa Kiswahili anachokisikia sokoni, kisha aingie katika Kiingereza akiwa tayari anajua kusoma. Anayejua kusoma kwa lugha moja hahitaji kufundishwa upya maana ya kusoma. Huongeza lugha tu.

Mwananchi na mambo ya umma

Mtoto aliyenyamaza darasani hukua akawa mwananchi anayenyamaza mkutanoni. Katiba ya 2010 inafanya ushirikishwaji wa umma kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwahusisha wananchi katika kazi zake. Kila mwaka, makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kuwasilishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Lakini nyaraka hizo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Mchuuzi anayelipa ushuru wa soko kila siku hualikwa kuzijadili kwa namna ile ile ambayo mtoto wa 1996 alialikwa kusoma: waraka unamfikia, maana haimfikii. Mkutano ukiisha bila swali, huandikwa kwamba umma ulishirikishwa.

Kutojua huku kuna gharama. Chini ya Katiba, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni jukumu la serikali ya kaunti, ilhali shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Mzazi asiyejua mgawanyo huu humlaumu gavana kwa uhaba wa walimu wa shule ya msingi, na humlaumu waziri kwa chekechea isiyo na paa. Kila ofisi huweza kumwelekeza kwingine, naye huchoka akarudi nyumbani. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini anayeuliza mlango usio wake naye hurudi mikono mitupu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba majaribio yaliyoipa Busia umaarufu miongoni mwa wanauchumi yana funzo linalowahusu zaidi wanafunzi na walimu wa lugha. Kitabu, dawa na elimu isiyo na karo ni mambo ya lazima, lakini havitoshi pasipo lugha inayoeleweka. Mfano wa India unathibitisha kwamba kuanzia pale mtoto alipo kunawezekana hata kwa gharama ndogo.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja tume nyingine. Serikali ya kaunti inaweza kutoa muhtasari wa bajeti kwa Kiswahili, na katika mikutano ya vijijini kuufafanua kwa Kiteso au kwa lahaja ya Kiluhya ya mahali hapo. Bodi za shule zinaweza kuuliza, kila mwalimu mpya wa madarasa ya chini anapofika, ni lugha gani ya watoto anayoijua, na asiyeijua akasaidiwa na mtu wa kijiji kama alivyosaidia balsakhi. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Alupe kilicho papo hapo kando ya barabara iendayo Malaba, wanaweza kuzitafsiri nyaraka hizo, kwani ndiyo kazi waliyosomea.

Na mzazi, hata kama hakupata kusoma, anaweza kumwomba mwanawe jioni asome ukurasa mmoja wa kitabu cha shule, kisha amweleze kwa lugha ya nyumbani kilichoandikwa. Mtoto akisoma bila kutatizika lakini akashindwa kueleza, mzazi huyo atakuwa ameligundua tatizo ambalo watafiti walihitaji shule 100 ili kulithibitisha. Kesho yake ana haki ya kwenda shuleni kuuliza.